Hops nilizotia kwenye ndoo nyumbani kwa Bi Somoe, Nachingwea

Wakuu, salaam.

Kuna member kwenye uzi mwingine kauliza kit ya kutengenezea bia nyumbani inatiwa hops siku ya ngapi. Nilitaka kumjibu nikashindwa. Hili jambo nimekaa nalo zaidi ya miaka arobaini, leo nalitema lilivyo, chumvi sijaongeza.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa mwalimu kijana, mtu wa Moshi, nikapangiwa Nachingwea. Nilipanga chumba kwa Bi Somoe, mama wa Kimwera, swala tano. Nikishikwa na malaria yeye ndiye ananikorogea uji.

Bia zilikuwa hazionekani wakuu. Sabuni foleni, sukari ya mgawo, bia ndiyo usiseme kabisa.

Mzungu mmoja wa mradi wa maji alipoondoka akaniachia boksi: makopo mawili ya shira ya kimea, hamira, na pakiti ya hops. Kwa msiozijua, ni maua makavu ya kijani, ndiyo yanaipa bia ule uchungu.

Kopo la kwanza nilitengeneza bila hops. Ikatoka tamu tamu tu, haina maana. La pili nikasema hapana, hii lazima iwe na uchungu wa kueleweka. Siku ya nne nikafunga hops kwenye kitambaa, nikazizamisha ndooni.

Chumba changu kilikuwa cha bati, joto kama tanuri. Ndoo niliiweka stoo kwa Bi Somoe, pembeni ya mitungi yake ya maji, penye ubaridi. Akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni togwa ya kwetu, na yale majani ni dawa ya tumbo.

Nilimwonea aibu tu, basi. Nikadanganya.

Kesho yake nikadandia lori kwenda Ruangwa, semina ya wiki nzima.

Wiki hiyo ndiyo ilikuwa arobaini ya marehemu mumewe. Nilijua, hata mchele nilichangia. Nisichojua ni kwamba sukari ya chai ingekosekana, na Bi Somoe angekumbuka togwa ya mwalimu. Akawamiminia wageni wa khitma.

Sasa pale alikuwepo Mzee Abdallah, ambaye enzi za mkoloni aliwapikia Wazungu wa mradi wa karanga. Alionja funda moja, akaweka kikombe chini.

"Somoe, hii ni bia."

Haya kanisimulia jirani. Watu waliinuka mmoja mmoja, pilau wakaliacha kwenye sinia. Bi Somoe anaapa ni togwa ya mwalimu, nani amsikilize?

Niliporudi nilikuta ndoo imeoshwa, imefunikwa mlangoni kwangu. Uji akaendelea kunipa.

Ilinipasa niende msikitini niseme ni yangu. Nikaogopa mkuu wa shule, nikaogopa kibarua kuota nyasi. Nikajiambia Ijumaa nitakwenda. Ijumaa ikapita. Nyingine nayo ikapita. Wanawake waliokuwa wakija kuchambua mchele naye wakakoma, ikasemwa anapika pombe kwa siri.

Baada ya miezi miwili akafunga nyumba, anahamia kwa binti yake Mbwemkuru. Nikimbebea mzigo hadi kwenye lori, ndipo nikakiri.

"Nilijua tangu siku ile, mwanangu," akasema. "Ungeniambia ni pombe, ningekwambia iweke chumbani kwako. Nisingekufukuza."

Akapanda.

Jioni ile ile nilikwenda kwa Mzee Abdallah, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa unaniambia mimi ya nini, na mwenyewe hayupo?"

Bi Somoe hakurudi tena. Roho inaniuma mpaka leo.

Mdogo wangu uliyeuliza: subiri povu litulie, tia hops, siku tatu zinatosha. Ila unayekaa naye mwambie kilichomo ndooni, siku hiyo hiyo anayouliza.

Kama kuna mtu humu aliyechelewa kusema kweli kama mimi, aandike. Na wa kunitukana nao waandike, nitasoma yote.