Mikuyu ya Nasike

Siku Ngige mkata miti alipofika na pawa, ule msumeno wake wa injini, Nasike alikuwa na wiki nzima hajapata usingizi wa maana. Mikuyu tisa aliyoipanda ukingoni mwa mto, kwenye shamba lake la Tongaren, ilikuwa imepukutisha majani yote. Katikati ya Aprili, na mvua bado ni hadithi! Upande wa pili wa mpaka, mikaratusi ya shemeji yake Wanjala ilisimama kijani kibichi. Kwa hiyo kila aliyepita njiani alijua, au alijidai kujua, ipi mizima na ipi imekufa.

Huku kwetu mwanamke hapandi mti. Akipanda, ati mumewe atakufa. Nasike alipanda. Mto ulikuwa unameza shamba kila mwaka, mume yuko Kitale kwa vibarua, sasa angemngoja nani? Alikata vigingi vya mkuyu akavichomeka kwenye tope. Miezi minne baadaye mume akaletwa nyumbani ndani ya sanduku. Malaria, daktari aliandika hivyo, lakini nani alijali kusoma cheti? Wanjala alisimama matangani akavinyooshea kidole vile vigingi mbele ya watu wote. Miaka ishirini na miwili sasa, na bado wapo wanaokataa chai ya Nasike. Inauma, wacha nikwambie.

"Shemeji, imekufa hii," Wanjala alisema. "Ikatwe tuchome makaa."

"Haijakufa. Mkuyu ukikosa maji unamwaga majani, unajikalia kungoja. Hiyo yako ndiyo haijui kungoja, inakunywa tu. Si uangalie huko juu!"

Kweli, mikaratusi miwili ilikuwa imeanza kukauka kutoka vileleni, na chemchemi iliyokuwa chini yake haikuwa na tone tangu mwaka jana. Wanjala hakuinua hata macho.

"Ati inangoja. Mti ni mtu, bana?"

Ngige aliitwa na Wanjala kufanya kazi, hakuja kusikiliza ugomvi wa familia. "Mama, mkuyu mzima ukiguswa na panga unatoa maziwa. Nikikosa maziwa, nakata. Sawa?"

"Sawa," alisema Nasike. Hakuwa na hakika, maskini. Jua la namna hii hakuwahi kuliona. Na maziwa yakikosekana, Wanjala atatangaza kijiji kizima kwamba hata Mungu ameikataa mikono yake.

Ngige akautema kwa panga mti wa kwanza, ule mkubwa. Ganda kavu, vumbi. Wa pili, vumbi. Wa tatu vilevile. Wanjala akakunja mikono kifuani. Ngige akaweka panga chini, akavuta kamba, pawa ikanguruma.

"Ngoja!" Nasike aliliokota panga, akarudi mbio kwenye mti wa kwanza, akapiga magoti. Akakata chini kabisa, pale mzizi unapoingia ardhini. Hakuna kitu. Akakaza macho mpaka yakamuuma. Kisha tone jeupe likajitokeza, likafuatwa na jingine, yakateremka hadi kwenye vidole vyake.

Ngige akazima pawa.

Wanjala alisogea polepole, akagusa ule weupe. "Ndugu yangu alikufa, na huu unaishi," alisema. "Kila kiangazi nimengoja ukauke. Kila kiangazi, shemeji."

"Najua. Nilikuwa nakuona pale mpakani."

Matusi ya miaka ishirini na miwili yalikuwa yamemjaa Nasike mdomoni, na Mungu anajua alikuwa na haki ya kuyatoa yote. Lakini Wanjala tayari alikuwa ameteremka mtoni. Akachimba kwa mikono chini ya mchanga mpaka akafikia tope, akalijaza kwenye kofia yake, akapanda nalo. Akaanza kuziba majeraha ya panga, kwanza lile la mzizini.

"Nishikie kofia," alisema bila kumtazama.

Nasike akaishika.