Siku Niliyowasingizia Watu wa Milimani Wizi wa Intaneti

Aibu yangu naisema mwenyewe, mcheke mkitaka: mwaka wa 2007 niliamini kabisa, kama ninavyoamini nina pua, kwamba intaneti ya Nakuru huibwa na matajiri wa Milimani. Tuliambiana hivyo tukiwa shule ya usiku, ati wao wako juu, wamefunga mipira mikubwa, wanaivuta kama maji ya bomba ya kanjo, na sisi huku chini tunabaki na matone. (Hiyo shule nilimaliza na cheti ninacho, kwa hivyo msilaumu walimu.)

Wakati huo nilikuwa nasimamia cyber ya kompyuta sita mjini. Asubuhi moja akaingia Mama Kiprono, muuza mahindi wa Rongai. Kijana wake alikuwa anasoma India, akagongwa na pikipiki, akafungwa plasta mguu mzima, na sasa kwa simu alikuwa anasema ameshaanza kutembea.

"Kwa simu mguu hauonekani," mama akaniambia. "Ametuma video. Nikiona anatembea, abaki amalize masomo. Nisipoona, leo jioni nampigia arudi nyumbani."

Faili ilikuwa megabaiti sitini, na laini yetu ilikuwa ya spidi 256, imeandikwa hata kwa mkataba uliobandikwa ukutani. Nikawaomba wateja wengine wakae kando kidogo ili laini yote iwe ya mama, nikapiga hesabu kwa sauti (nilipenda sana kupiga hesabu mbele za watu), nikatangaza: "Mathe, dakika nne! Usivue hata koti."

Dakika nne zikaisha, ule mstari wa kijani unaoonyesha faili inavyoshuka haujafika hata robo, na kompyuta inaonyesha spidi ni 32. Thelathini na mbili! Mtu mwenye akili angengoja, lakini mimi nikaikata nikaanza upya, nikidhani nitawapata wale wa Milimani wamepumzika, ikaja 32, nikakata tena, 32, nikakata tena, na kila nikikata inarudi sifuri, wateja wananung'unika, na yule mama, Mungu ambariki, ananitazama tu.

"Tumeibiwa!" nikasema. Nikaianzisha mara ya sita, nikaiacha hapo, nikatoka na wateja wanne kama mashahidi mpaka ofisi ya waliotuuzia laini. Kulikuwa na foleni, nikaipita. Kwa kaunta alikuwa Jyoti, binti wa mwenye ofisi hiyo, na sauti niliyompigia nadhani ilifika Keringet: "Tunalipia mia mbili hamsini na sita, mnatupa thelathini na mbili! Hizo zingine mnampelekea nani Milimani?"

Jyoti akanitazama. "Boss, mimi naishi Milimani. Unataka kuja kuangalia chini ya kitanda?"

Walicheka mpaka mashahidi wangu nao wakacheka, wasaliti wale. Angeweza kuita askari wa mlangoni, lakini alinionyesha tu mwisho wa foleni, akahudumia kila mtu, mimi nimesimama pale kama ndoo, halafu akachukua mkoba wake. "Haya, twende nione hiyo kompyuta."

Tulimkuta Mama Kiprono ameinamia skrini, na ndani yake kijana mrefu anatembea kwenye veranda ya hosteli, anachechemea kidogo, anageuka, anarudi akicheka. Kumbe nilipoondoka hakuna aliyeigusa, ikashuka yenyewe kwa kama nusu saa, mteja mmoja akamfungulia.

"Anatembea," mama akasema bila kugeuka. "Abaki."

Nilitaka kulia na nilitaka kuingia chini ya meza, yote mawili. Mpaka leo nawashukuru wanawake hao: mmoja nilimwita mwizi mbele ya wateja wake akaja kunisaidia, mwingine nilikaribia kumkatizia mtoto masomo na hakuniinulia hata sauti.

Jyoti akasoma mkataba ukutani. "Laini tunapima kwa biti," akasema. "Faili inapimwa kwa baiti. Baiti moja ni biti nane. Gawa 256 kwa nane."

Nikagawa, safari hii kimyakimya, nikapata ile ile thelathini na mbili. Mama Kiprono ndiye aliyenimalizia.

"Kijana, kwangu gorogoro nane za mahindi ndizo debe moja. Wewe ulipimiwa kwa gorogoro ukahesabu madebe. Hakuna mtu amekuibia."