Gari la Watu Wawili

Wenzangu wa kikundi cha vijana wa Zongwe, kabla hamjaanza kusoma ninaomba msamaha kwa herufi zangu. Nilimaliza darasa la sita la msingi nikaishia hapo, na mkono wangu huandika polepole. Mahali nilipokosea, someni kwa sauti na neno litajulikana. Mmeniuliza mara nyingi juu ya safari yangu na bibi yangu, nkambo Ernestine, na kila mara nimetazama chini na kusema ilikuwa nzuri. Mnanijua. Ndiyo maana nimeomba daftari la kikundi, ili niandike yote kwa mpangilio.

Sababu ya kuondoka ilikuwa nkambo Justine, mdogo wake nkambo. Wote wawili walizaliwa hapa kwetu. Justine aliolewa na mtu wa reli akiwa bado msichana, akapita Kabalo na mume wake, akafika Lubumbashi, na tangu hapo hawakuonana tena. Mwaka huu miguu yake ilikataa kutembea. Dada yangu Feza, ambaye anakaa karibu naye huko, alitutumia tiketi mbili za ndege kwa wakati wa likizo ya watoto wake. Alisema nimlete nkambo wakati wangali wanaweza kutambuana. Siku hizo ndege ilikuwa inakuja Kalemie mara moja tu kwa juma, na tiketi zetu hazikuwa za kubadilisha. Tukiikosa, hakuna nyingine.

Dada aliniachia kazi moja, kuagiza gari la kutuchukua Kalemie mjini na kutufikisha kwenye uwanja wa ndege. Hakutaka nkambo apande pikipiki. Alinipa namba ya Mama Clarisse, mwenye magari ya kazi hiyo, akaniambia, "Mupigie simu, ni mama muzuri." Sikumpigia. Nilipanda kilima cha nyuma ya kanisa, pale mtandao unaposhika, nikamwandikia ujumbe. Alijibu kwa maswali: siku gani, saa ngapi, nyumba iko wapi, mizigo mingapi, wasafiri wangapi. Nilijibu kila moja. Kwenye wasafiri niliandika: wawili. Nilisoma jibu langu mara nne kabla ya kulituma na sikuona kosa.

Jumanne alfajiri tulishuka pwani. Mnajua boti letu lilivyo. Mwenye boti hakuwasha mota mpaka watu wakajaa. Nkambo alikaa juu ya gunia la mihogo mikavu, kitambaa chake cheupe kichwani, akawa anahesabu watu kwa kidole. Alipofika thelathini na wawili alisema, "Sasa tunaweza kwenda," kana kwamba boti ni lake. Ziwa lilikuwa limetulia. Watu walikula samaki wa kukaanga, mtoto mmoja alitapika, wanawake wawili waligombania mahali pa kuweka miguu na baadaye wakagawana muhogo. Milima ilikuwa mkono wa kushoto muda wote.

Alasiri tulifika Kalemie. Mama mdogo Régine alitupokea na toroli la mizigo. Nyumba yake iko upande wa mjini, kabla ya kuvuka daraja la Lukuga. Jumatano tulipumzika. Nkambo alikaa uani na wageni walikuja kumsalimia, mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikaa karibu na simu. Mama Clarisse aliandika kwamba gari litafika Alhamisi saa mbili kamili asubuhi. Saa tatu tulitakiwa tuwe uwanjani.

Alhamisi, saa moja asubuhi, nilitoka nje nikakuta watu wanne wamevaa nguo za Jumapili. Mama mdogo Régine alikuwa na kitenge kipya. Binti zake wawili, Solange na Bénédicte, walikuwa wamepaka mafuta hadi magoti yanang'aa. Wa nne alikuwa Papa Tambwe, jirani, mwimbaji wa sauti ya chini katika kwaya, ndani ya koti lenye vifungo viwili tu. Walikuwa tayari kumsindikiza nkambo. Hakuna aliyewaalika, na hakuna aliyeona haja ya kuwaalika. Nilikumbuka nilivyoandika: wawili.

Saa mbili kamili gari lilisimama mlangoni. Lilikuwa gari refu la viti saba, kimoja cha shofere, na lilikuwa limetoka kuoshwa. Shofere alishuka na karatasi mkononi. Jina lake lilikuwa Papa Dieudonné, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi.

"Alexis ni nani?"

"Ni mimi."

"Wasafiri wawili, mizigo miwili. Njo hivyo?"

"Ndiyo, njo hivyo," nilisema.

Wakati huo Solange na Bénédicte walikuwa wamekwisha kukaa kiti cha nyuma kabisa.

"Na hawa?"

"Sisi tunasindikiza," Mama mdogo alisema.

"Mama, unisamehe. Karatasi inasema wawili."

"Karatasi ilizaliwa na nani?"

"Mwenye gari alikataza, mama. Mutu anaagiza gari yake peke yake, tunabeba wale walioandikwa. Mwezi uliopita nilibeba kwaya muzima, akaninyang'anya ufunguo siku tatu."

"Kwaya ya wapi?" Papa Tambwe aliuliza. "Waliimba muzuri?"

"Waliimba muzuri sana, papa. Ufunguo ulienda vilevile."

Wasichana walishuka wakicheka. Shofere akamfungulia nkambo mlango kwa heshima. Nkambo aliweka mguu mmoja ndani, akainama, akatazama viti vile vilivyofunikwa kwa plastiki, vyote vitupu. Akarudisha mguu wake chini.

"Maiti iko wapi?" aliuliza.

"Maiti gani, nkambo?"

"Gari kubwa hivi, watu wawili ndani, wengine wanabaki njiani wanatazama. Mimi nilishapanda chombo cha namna hii. Mara moja inatosha."

Ninyi wa nyumbani hamhitaji maelezo, lakini Papa Dieudonné aliyahitaji, na Mama mdogo alimpa. Kwetu boti halitoki na nafasi. Likionekana boti limeinuka juu ya maji, jepesi, bila mizigo na bila watu, tunajua limekodiwa hospitalini Kalemie, na tunashuka pwani kimya kulipokea. Nkambo alimleta mume wake hivyo. Walikuwa yeye, mwenye mota na marehemu.

"Justine ataniuliza nilikuja na nani," nkambo alisema. "Nimujibu nini? Kwamba nilikuja na viti?"

Akakaa juu ya mzigo wake. Shofere alitazama saa. Mama mdogo alishauri wao waende kwa pikipiki nyuma ya gari. Nkambo akasema gari lenye watu wawili na pikipiki nyuma yake njo mazishi kabisa. Papa Tambwe aliitikia "kweli" kwa sauti yake ya kwaya, na hiyo haikusaidia.

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano.

"Papa, mupigie Mama Clarisse simu," Mama mdogo alimwambia shofere.

"Nikipiga mimi atasema nimetafuta watu wa kubeba kwa faida yangu. Aliyeagiza njo anaweza kubadilisha." Akanitazama. Wote wakanitazama.

Nilizunguka nyuma ya nyumba, karibu na banda la bata, nikapiga.

"Allô?" sauti ya mwanamke ilisema. "Allô! Nani? Kama hauongei ninakata."

"Mama, usikate."

"Ni nani?"

"Ni Alexis. Wa wasafiri wawili. Niliandika vibaya, mama. Tuko sita."

"Sita wanasafiri?"

"Hapana. Wawili wanasafiri. Wanne wanasindikiza."

"Gari ni yenu peke yenu, nilikuambia. Ukiandika wawili, shofere anabeba wawili."

"Ndiyo, mama. Uliuliza wasafiri, nikahesabu wasafiri. Sikuhesabu watu. Nkambo hawezi kupanda gari tupu. Alileta mume wake namna hiyo kwa boti. Na huko anaenda kuona mudogo wake ambaye hatembei. Ndege ni leo tu."

Nilikuwa sijasema maneno mengi hivyo kwa mtu nisiyemjua tangu nizaliwe. Bata mmoja alipita juu ya kiatu changu.

"Nkambo yako ni wa wapi?"

"Zongwe, mama."

"Mama yangu pia anahesabu watu kwenye teksi," alisema. "Anahesabu hata shofere. Nipe Dieudonné."

Shofere aliitikia "ndiyo, mama" mara tano na kunirudishia simu. Akafungua milango yote. Watu wakaingia, nkambo wa mwisho. Alihesabu kwa kidole, akafika saba pamoja na Papa Dieudonné, akafunga mlango mwenyewe kwa nguvu.

Tulivuka daraja la Lukuga ilipobaki robo saa kufika saa tatu. Barabara ya uwanjani ilikuwa na vumbi na mashimo, na shofere aliyakwepa bila kusema. Papa Tambwe alianza wimbo. Alipofika mahali asipokumbuka maneno, Papa Dieudonné alimkumbusha. Kumbe alijifunza kutoka kwa kwaya ile ya ufunguo. Kwenye dirisha ziwa lilionekana na kupotea.

Tulifika saa tatu na dakika tano. Askari alisema wanaosindikiza wabaki kwenye uzio. Nkambo alimshika kila mmoja mkono, akasema jina lake lote, la baba na la ubatizo, na alipolikosa aliuliza tena. Alimwuliza shofere pia. Niliona anapoteza muda. Mizigo yetu ilikuwa ya mwisho kupimwa.

Ndani ya ndege nilishika kiti kwa mikono miwili. Nkambo alisimama kidogo, akageuka, akatazama nyuma hadi mwisho. Hapakuwa na kiti kilichobaki.

"Hii njo chombo," alisema, akalala mpaka Lubumbashi.

Lubumbashi ilikuwa na baridi. Watu walivaa makoti mchana. Dada Feza alikuja na gari la mume wake pamoja na watoto watatu, kwa hiyo halikuwa na matatizo. Tulipita barabara pana zenye lami, kuta ndefu na milango ya chuma, na sikuona mtu aliyekaa nje ya nyumba yake. Nkambo Justine alikuwa kwenye kiti cha plastiki katika ua mdogo, blanketi miguuni. Ni mwembamba kuliko nkambo, lakini masikio yao ni yale yale.

Hawakukumbatiana mara moja. Nkambo alisimama mbele yake. Nkambo Justine alimtazama muda mrefu, kisha akauliza swali lake la kwanza.

"Ulikuja na nani?"

Nkambo akajibu. Alianza na mimi. Akamtaja Régine, binti ya nani. Solange na Bénédicte. Papa Tambwe wa kwaya. Na Papa Dieudonné, shofere, ambaye watu wake ni wa Moba. Kisha akataja wale wa boti aliowajua, mmoja mmoja, hadi mtoto aliyetapika. Nkambo Justine alikuwa anaitikia kila jina kwa kichwa. Majina yalipoisha alivuta blanketi, akamwachia nafasi ya miguu.

"Basi umefika," alisema. "Kaa."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alishika mikono na kuuliza majina kule kwenye uzio.

Tulikaa majuma matatu. Wao walizungumza, sisi wengine tulipika. Sina mengi ya kuandika juu ya mji, kwa sababu nilitoka nje kidogo. Nilimpigia Mama Clarisse simu kuagiza gari la kurudi. Sikuandika ujumbe. Nilimwambia kwamba tunaorudi ni wawili, na kwamba safari hii Mama mdogo Régine yuko kwenye kilio cha msiba huko Nyunzu pamoja na wasichana, na Papa Tambwe ni mgonjwa, kwa hiyo hakuna wa kutupokea. Akasema, "Nimesikia," akakata. Ndani ya ndege niliwaza nitamwambia nkambo nini.

Kalemie, saa saba mchana. Gari lilikuwa limesimama pale pale kwenye uzio. Papa Dieudonné alishuka, shati limepigwa pasi kama mara ya kwanza. Nyuma ya vioo niliona vichwa. Alifungua mlango, na ndani alikuwamo mke wake, watoto wao wawili na mama mkwe wake mwenye kikapu cha mapapai.

"Nkambo," alisema, "mwenye gari alisema nisikuje mutupu."

Nkambo aliinama akatazama. Akahesabu. Saba. Akamwuliza mama mkwe jina lake la baba, akapanda.

Nilichojifunza ni kidogo na ninakiandika kama kilivyo. Swali la wasafiri wangapi nililijibu kweli, na hata hivyo nusura nkambo asimwone mdogo wake. Pia nimejua kwamba mtu wa upande wa pili wa simu naye ana mama.

Sasa ninaomba mniandikie. Feza amepata kiti cha magurudumu, na nkambo Justine atakuja Kalemie kwa ndege kabla ya Noeli. Nimekwisha kuagiza gari la viti saba. Shofere ni mmoja, nkambo mmoja, mimi mmoja, nkambo Justine mmoja. Vimebaki viti vitatu. Nkambo hataki vijazwe na watu wa Papa Dieudonné tena; anasema wale tayari wamefanya kazi yao. Anayetaka kwenda kumpokea aandike jina lake hapa chini, la baba na la ubatizo, kwa herufi zinazosomeka kuliko zangu. Nkambo anataka kuyajua majina mapema.

1.

2.

3.