Mkono Niliouruka

Katika mafunzo yetu ya ushauri nasaha tulikatazwa mengi kuliko tuliyofundishwa. Usimwambie mtu "najua unavyohisi," maana hujui. Usimwambie "ni kazi ya Mungu," hata kama ni kazi ya Mungu. Usitoe ushauri, jambo lililotuchekesha sana kwa kazi yenye jina lile. Viti viwili viweke pembepembe, visitazamane kama vya polisi. Mtu akinyamaza, nyamaza naye. Mwalimu wetu, aliyetoka bara, alitaka tuwaite wanaokuja kwetu wateja, tukaangua kicheko, kwa sababu Kisauni mteja ni yule kijana wa kuvuta unga anayesinzia amesimama. Tukakubaliana kuwaita wageni.

Na sheria moja aliirudia mpaka tukaihifadhi: ukikutana na mgeni wako njiani, usimsalimie wewe. Mngoje yeye. Pengine yuko na watu wasiojua kwamba huja kwako, na salamu yako itawafanya waulize mmejuana wapi. Akikusalimia, itika. Akikupita, mpite. Sheria hiyo niliipenda. Niliona ina huruma ndani yake.

Mimi nimeishia kidato cha nne, na alama zangu si za kusimulia. Lakini ndoto ninazo. Nilijiona katika ofisi yenye pazia la samawati, watu wakiingia wamejikunja na kutoka wamenyooka. Kwa kuanzia dispensari ilinipa stoo ya glavu na viti viwili vya plastiki. Nikafunga leso dirishani, nikasema pazia ndilo hilo.

Bibi mmoja aliletwa kwangu na sista wa dispensari mwenyewe.

"Presha yake inapanda, na dawa ameziacha," sista akaniambia. "Ukimuuliza kwa nini, anasema basi tu. Kaa naye." Kisha akanivuta mlangoni. "Akiendelea hivi tutampoteza."

Bibi alikuwa ametoka Mwakirunge. Mwanawe alikuwa akikata mawe ya kujengea kule kwenye timbo, na ukuta wa jiwe ukamwangukia. Baada ya matanga binti yake alimchukua kuja kukaa naye mtaani kwetu. Hayo aliniambia sista. Bibi mwenyewe hakusema kitu. Aliketi, akaweka mkoba magotini, akautazama ukuta wa maboksi.

"Umelalaje, bibi?"

"Nimelala."

"Umekula?"

"Nimekula."

Nikanyamaza naye, kama nilivyofundishwa. Jumanne baada ya Jumanne tulinyamaza. Siku moja tu alisema, "Mguu ukiukalia vibaya unajua unavyokuwa? Unaupiga, ni wako, na si wako. Mimi niko hivyo mwili mzima."

Nikamrudishia maneno yake. "Mwili mzima umekufa ganzi."

"Ehe," akasema. Basi.

Lakini alikuwa akija. Sista alisema kuja kwenyewe ni jambo, nami nikalishika hilo. Sikumwambia mtu kwamba ganzi ile ilikuwa imeanza kunipanda na mimi. Nyumbani mimi ndiye wa mizaha, ndiye wa kumchekesha mamangu akisonga sima. Siku hizo nilikuwa nikitoa mzaha, watu wanacheka, nami nawasikia kama walio nyumba ya pili. Mchuzi wa pojo na chumvi yake, mdomoni vyote sawa. Mamangu alisema, "Huyu amerogwa na viti vya dispensari."

Jumamosi moja palikuwa na harusi mtaani, tukaitwa uani kuchagua mchele na kumenya vitunguu thomu. Wazee walikuwa wameketi jamvini, migongo ukutani, kila mmoja na uteo wake wa mchele. Kwetu binti akiingia mahali kama hapo hasemi "hamjambo" moja ya wote akaketi. Huanza mwisho wa jamvi, akainama, akashika mkono, akaubusu, shikamoo, marahaba mwanangu, akasogea kwa mwingine mpaka awamalize. Mamangu alikuwa nyuma yangu, akitazama malezi yake yanavyotembea.

Katikati ya jamvi nikamwona bibi. Alikuwa ameshaweka uteo chini. Alikuwa ameshafuta vumbi la mchele kwa leso na kuutoa mkono.

Nikaisikia sauti ya mwalimu. Mngoje yeye. Mwalimu hakujua, au alisahau, kwamba kwetu mzee haanzi. Mzee akimwanza mtoto, mtoto ameshavunja kitu. Kwa hiyo mimi nilikuwa nimngoje yeye, na yeye alikuwa akiningoja mimi. Kulia kwake palikuwa na jirani, kushoto jirani mwingine, na nikawaza hawa watamuuliza, binti huyu unamjulia wapi? Sikuwaza kwamba nilikuwa nimebusu mikono ya wanawake nisiowajua hata mmoja, na hakuna aliyeuliza lolote.

Nikamruka. Nikainama kwa aliyefuata.

"We mtoto!" akasema mmoja. "Kwani hapo katikati pamewekwa gunia?"

Uani pakacheka.

"Mwache, shoga. Hawa wa siku hizi shikamoo wanatuma kwa simu."

"Wallahi mimi ningemwita arudie kuanzia mlangoni."

Bibi aliurudisha mkono chini ya leso. Akakaa kidogo, kisha akachukua uteo na kuendelea kuchagua mchele. Uso wake ulikuwa uleule wa stoo. Nikajiambia, huyu hasikii kitu, ameniambia mwenyewe. Nikaenda kumenya thomu.

Nyumbani mamangu hakungoja hata nivue buibui.

"Umenivua nguo mbele ya watu. Amekukosea nini mama wa watu?"

"Hajanikosea."

"Unamjua?"

Nikanyamaza. Kisha nikatambua kwamba nikinyamaza zaidi ya hapo nitakuwa nimeshasema. Mamangu si mjinga, na anajua niko wapi kila Jumanne.

"Simjui," nikasema. "Nilipitiwa tu."

"Ulipitiwa! Mkono umenyooshwa mbele yako kama mwiko, ukapitiwa. Wanakufundisha kusikiliza watu, na adabu unaiacha mlangoni kwao."

Jumanne bibi hakuja. Nilipanga viti pembepembe, nikakaa kwenye kimoja. Jumanne ya pili hakuja pia. Sista akaniambia binti yake amepita, anasema vidonge bado viko kwenye mfuko wake vilevile.

"Mmekosana?"

Nikamweleza. Sista akashika kichwa.

"Na hiyo sheria hukumweleza siku ya kwanza?"

"Hapana."

"Sheria ile ni ya mgeni. Ni ya kumsitiri yeye. Unamsitiri vipi mtu asiyejua kwamba anasitiriwa?"

"Nimfuate kwake?"

"Hatumfuati mtu nyumbani hajatuita. Ngoja."

Nikawa wa kungoja. Mamangu hakuwa wa kungoja. Alikuwa ameuliza mpaka amejua bibi anakaa nyumba gani, na jioni moja akanitupia buibui. "Vaa. Tunakwenda kuomba radhi." Kukataa kulihitaji sababu, na sababu niliyokuwa nayo haikuwa yangu ya kutoa.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kibao barazani. Nikapiga goti, nikaushika mkono wake, nikaubusu.

"Shikamoo, bibi."

Akanitazama. Mkono wake ulikuwa mkavu, umelegea ndani ya wangu. Angetaka, angesema neno moja na mamangu angejua yote. Neno lilikuwa lake.

"Marahaba," akasema. "Mtoto wa nani wewe?"

"Wangu huyu, dada," mamangu akadakia. "Na nimekuja kukuomba radhi kwa alilokutendea pale harusini. Wallahi sikumlea hivyo."

"Mimi simjui. Nitamkasirikiaje mtu nisiyemjua?"

Mamangu alilichukua kuwa ni upole, akafurahi, akaketi. Wakazungumza habari za bei ya mchele wa harusi na pilau iliyozidi chumvi. Mimi nilikaa chini kama mkosaji. Kisha mamangu akauliza kama wanavyoulizana wanawake, "Umejaaliwa wangapi, dada?"

Swali hilo mimi nilikuwa nimelizunguka Jumanne zote zile.

"Wawili," bibi akasema. "Mmoja ametangulia."

"Oh! Pole, mwenzangu. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Ndivyo wanavyosema."

Alilisema kama mtu anayetaja nauli ya kwenda Likoni. Wakarudi kwenye pilau.

Tulipoaga nikainama tena. Bibi akanishika kidole. "Wewe ni wa kuchapwa," akasema. "Nikipata nguvu nitakuchapa."

Mamangu alicheka njia nzima. "Amekusamehe huyo! Mtu akikutisha fimbo ameshakusamehe." Nami nilitaka kuamini, nikatafuta ndani yangu furaha ya kuaminia, nikakuta pamefagiwa.

Jumanne nilisikia mkoba wa bibi kabla sijamwona mwenyewe, ile zipu yake mbovu. Nikasimama, nikamwamkia. Akaitikia, akaketi, safari hii hakuutazama ukuta.

"Sikuja kwa ajili yako. Nimekuja kuuliza. Uliniruka kwa nini?"

Nikamweleza yote, mwalimu, njiani, watu watakaouliza. Nikamwambia nilipaswa kumwambia siku ya kwanza ili achague mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ulikuwa ukiningoja mimi nikuamkie wewe."

"Ndiyo, bibi."

"Mwalimu wenu hana nyanya wa kumwamkia?"

Nilikuwa karibu kucheka. Yeye hakuwa akicheka.

"Mwanangu alipoletwa," akasema, "sikusikia kitu. Watu wananililia begani, mimi nawaza maji ya chai hayatatosha. Siku ya tatu sikusikia. Arubaini sikusikia. Kisha wewe, kitoto cha juzi, ukauruka mkono wangu, nikasikia. Hapa." Akagusa chini ya koo. "Nimekwenda nyumbani nimelia mpaka binti yangu anataka kuita majirani. Ananiuliza, mama, unalilia nini? Namwambia, nimenyimwa shikamoo."

Nikainama, nikaushika mkono wake.

"Utaniamkia kama unavyowaamkia wengine," akasema. "Usizidishe, usipunguze."

"Na wakiuliza tumejuana wapi?"

"Nitasema ndiye yule mtoto asiye na adabu. Wote wanakujua sasa."

Akafungua mkoba, akanionyesha karatasi ya vidonge. Vitundu viwili vilikuwa vitupu. "Nimeanza. Usinifurahie."

Nikauzuia uso usitabasamu.

Akaifunga ile zipu, ikakwama, akaiacha. "Alikuwa mvivu," akasema.

"Nani, bibi?"

"Mwanangu. Sasa wanamsifu, ati mchapakazi. Wapi! Asubuhi haamki mpaka umvute shuka."

"Mpaka umvute shuka."

"Siku ile aliniambia, mama, leo siendi. Nikamwambia nyumba hii hailishwi na usingizi." Alikuwa akiizungusha pete kidoleni, polepole. "Mimi ndiye niliyevuta shuka."

Yakanijia mdomoni yote kwa pamoja, si kosa lako, pole, kazi ya Mungu. Nikayaacha yapite. Machozi yake hayakutoka, wala yangu. Nikakaa naye, pete yake ikiendelea kuzunguka.

Sista akagonga, akachungulia. "Mmemaliza?"

Nikafungua kinywa kujibu, bibi akanitangulia.

"Bado."