Wadudu wa Seremala

Mama wa maabara wa zahanati yetu huibembeleza hadubini kama mtoto anayegoma kula: "Njoo, mwanangu, usijifiche." Ana vidole vinene, lakini kipande cha kioo hukishika kama yai, na akipata anachokitafuta huguna "Ehee!" hadi sisi wa dirisha la dawa tunasikia. Leo aliguna, kisha akamwita seremala aliyekuja na mkewe. Mke alikuwa amekutwa na trikomona, ugonjwa wa zinaa, na mume alikuwa akiapa: "Mimi siwashwi wala sichomwi. Mdudu ni wake, aseme alikomtoa!"

"Huu ni mkojo wako, baba. Chungulia."

Seremala akainama. "Mbona anacheza?"

"Ana vimkia, anaogelea. Kwa wanaume wengi hukaa kimya hata miezi, kwa hiyo nani alianza, hata mimi sijui. Dawa mtameza wote wawili, na kitandani kila mtu ashike upande wake mpaka mpone. Haya, hao wadudu ni wa nani?"

Seremala alijifuta jasho. "Wetu," akasema.

Nilipowapa vidonge dirishani, mkewe, aliyekuwa amenuna tangu waingie, akamsogezea kikombe cha maji. "Meza, mfugaji mwenzangu."