Ekzosi ya Mawese: Kibondo hadi Kasulu na Kurudi

Nilipaka ekzosi ya gari letu mawese. Naandika hili juu kabisa, kwa sababu darasani wapo watakaowasimulieni na kuongeza chumvi, na chumvi katika habari hii ipo ya kutosha. Kwetu kila nyumba hupaka jembe na panga mawese kazi za msimu zikiisha, visiliwe na kutu. Mimi nikawaza: jembe ni chuma, ekzosi ni chuma, ubishi uko wapi? Nikaingia chini ya pikapu na dumu la mama, lile aliloliweka kwa mboga za harusi, nikapaka mpaka nikaona raha.

Kesho yake mama na Dada Yustina walipanda kwenda kwa fundi cherehani kuchukua gauni la harusi. Ekzosi ilipopata moto, mawese nayo yakaanza kazi. Moshi ukapanda kupitia tundu la sakafuni, ukajaa ndani. Gauni jeupe likafika nyumbani linanuka dagaa wa kukaanga, na dagaa wenyewe hakuna. Lilifuliwa mara mbili ndipo likawasahau.

Mama hakunipiga. Angenipiga ningeshukuru. Alisema tu, "Jumamosi dada yako anaingia kanisani kwa gari la baba yake. Watu wa bwana harusi wameshasema lori lao lipo tayari. Mimi lori lao sitaki."

Marehemu baba alituachia vitu viwili vinavyotembea: pikapu hiyo na mimi. Dada alikuwa ameahidi tangu msibani kwamba siku yake akiolewa atapanda la baba. Sasa ekzosi ilikuwa imeliwa na kutu, inanguruma kama mashine ya kusaga, na moshi wake unaingia wanapokaa watu. Fundi wa kuchomelea wa Kibondo alikuwa ameishiwa gesi. Ikabidi twende Kasulu.

Alhamisi alfajiri tuliondoka, mimi na Baba Mdogo Bukuru, mdogo wake baba, ambaye ndiye dereva. Mama alimpa kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni, amekifunga ndani ya mfuko wa plastiki. "Mkienda kiacheni humu. Mkirudi kitundikeni ndani ya gari, vioo mfunge. Mkifika nitakinusa."

"Na kikinuka?" nikauliza.

"Utakwenda kumwambia dada yako wewe mwenyewe, mwana wanje." Kwa Kiha chetu hiyo ni "mwanangu".

Busunzu ndipo nilipojua kwamba tumekuwa maarufu. Mbwa wawili walijitokeza barabarani wakatufuata, na nyuma yao watoto wakipiga kelele, "Wanakaanga! Wanakaanga!" Baba Mdogo akakaza macho mbele kama mtu anayeendesha gari la maiti. Nikatoa kichwa nje nikawapungia mkono wote, mbwa pamoja.

Baada ya daraja la Malagarasi barabara ilianza kupanda, na kila mlima ekzosi ilizidi kulia. Tulikwenda vioo wazi, vumbi jekundu likitupaka nyusi. Baba Mdogo alisema bora vumbi, kwa sababu moshi wa gari ukikujaa ndani kwanza unakuumiza kichwa, halafu unasinzia, na ukisinzia huamki. Hapo kidogo nikaacha utani. Nilikuwa nimefikiria harufu tu. Sikuwa nimefikiria kwamba tungewafungia mama na dada na moshi huo, vioo vikiwa vimefungwa.

Makere tulisimama kununua ndizi. Mama mmoja muuzaji akazunguka nyuma ya gari akachungulia. "Samaki mnauzaje?"

"Wamekwisha, mama," nikamjibu. "Imebaki sufuria."

Baba Mdogo akanivuta sikio mpaka ndani ya gari.

Kasulu tulifika baridi ya asubuhi ikiwa bado haijaondoka. Tulielekezwa kwa fundi mmoja Mkongo aitwaye Papa Riziki, na hakuhitaji kutafutwa, maana sauti yake ilisikika kabla ya nyundo yake. Alikuwa amevaa suruali ya kitambaa yenye mkunjo wa pasi na viatu vya kung'aa, anachomelea lango huku akijisifu kwa wateja kwamba tangu Bukavu hajaona chuma kilichomshinda. Alipoinama chini ya pikapu yetu aliruka nyuma.

"Mama yangu! Weye mutoto, mulipika nini humu? Hii ni eshapema ao sufuria?" Eshapema ndivyo wao wanavyoiita ekzosi.

"Ni dawa ya kutu, Papa."

"Dawa! Mafuta ikipata moto inaungua, vumbi inashika pale, inakuwa kama lami. Maji inajificha chini yake, inakula chuma polepole, haina haraka. Kamata brashi."

Nikapewa brashi ya waya na msasa, nikalala chini. Nilikwangua ule ugali mweusi mpaka mikono ikafa ganzi, kila kipande kikiniangukia usoni. Baba Mdogo alikaa kwenye tairi akila ndizi zangu.

Nilipopumzika kidogo, mbuzi wawili wa jirani wakaingia chini ya gari. Wakapita mawese bila hata kuyanusa, wakaanza kulamba fremu na sehemu ya juu ya sailensa, lile kopo la ekzosi linalomeza kelele. Walilamba kwa adabu kabisa, kama watoto wenye pipi. Nikawatazama. Mbuzi wetu wa Kibondo hufanya hivyo hivyo, na si kila siku. Ni siku Baba Mdogo akitoka Uvinza.

"Baba Mdogo," nikamwita, "ukitoka kubeba chumvi Uvinza unaosha gari?"

"Naosha! Wewe hulioni linavyong'aa?"

"Na chini?"

Papa Riziki akaingiza kichwa chini ya gari, akanyoosha kidole. Bodi ya nyuma ilikuwa na matundu, na yote yalikuwa juu ya sailensa. Magunia ya chumvi yakilowa njiani, maji yake yalidondoka papo hapo na kula chuma, safari baada ya safari.

"Mutoto ana akili!" Papa Riziki akapiga kofi. "Ni ya mbuzi, lakini ni akili!"

Nimeshaitwa vibaya zaidi na mwalimu wa hesabu, kwa hiyo nilipokea.

Mchana kazi ilikwenda vizuri. Papa Riziki alikata sehemu iliyooza, akachomelea bomba jingine, akaziba tundu la sakafuni kwa bati. Matundu ya bodi akayaziba pia. Ekzosi yote akaipaka rangi ya fedha inayovumilia moto. Halafu akachukua drili, akatoboa katundu kadogo chini kabisa ya sailensa.

Baba Mdogo aliruka kutoka kwenye tairi. "Wewe! Nimetoka Kibondo kuja kuziba, wewe unatoboa?"

"Papa, tulia," fundi akamwambia. "Moshi iko na maji ndani. Gari ikipoa, maji inalala humu. Kama haina mlango, itakula nyumba. Na usizoee kuwasha gari, kwenda sokoni tu na kuzima. Acha ipate moto sawasawa, ikaushe tumbo."

Baba Mdogo alikaa, lakini aliendelea kukitazama kitundu hicho kama mtu aliyeona mkwe wake akikojoa njiani.

Tulilala Kasulu rangi ikauke, na Ijumaa mchana tulianza kurudi. Nilitundika kitambaa cheupe kwenye kioo cha dereva, tukafunga vioo. Baada ya Makere mvua ikashuka, ile ya kwetu isiyopiga hodi, na ikawa hata tungetaka kufungua tusingeweza. Nilikaa nikinusa kama mbwa wa Busunzu. Kila Baba Mdogo alipoguna nilimuuliza kama kichwa kinamuuma.

"Kichwa kinaniuma kwa maswali yako," akasema.

Malagarasi tulisimama kuosha tope chini. Nikateka ndoo ya maji, nikakimbia kumwagia ekzosi. Baba Mdogo akaidaka mikononi mwangu. "Ya moto hiyo! Unataka ipasuke? Subiri ipoe." Tukasubiri, kisha tukaosha chini kwanza, juu baadaye, na toka siku hiyo ndivyo pikapu yetu inavyooshwa ikitoka Uvinza, kabla dereva hajala. Usiku hailali tena kwenye majani mabichi yenye umande. Tumeipangia mawe, na mawese yamebaki jikoni na kwenye majembe.

Jioni tuliingia nyumbani na hakuna aliyetoka. Watu walikuwa nyuma wanapepeta mchele, na gari halikusikika. Ilibidi nipige honi. Mama akaja na ungo mkononi, Dada Yustina nyuma yake amejifunga kanga mpaka kidevuni. Mama akafungua mlango, akatungua kitambaa, akakinusa. Akakigeuza akakinusa tena. Akampa dada, dada akajifunika nacho usoni, na alipokishusha alikuwa anacheka na machozi.

Nikaona nafasi yangu. Nikaanza kusimulia mbuzi, na jinsi akili yangu ilivyookoa harusi, na vile Papa Riziki alivyopiga kofi, nikasimulia tena kwa wapepeta mchele, sauti ikipanda.

Mama akanitazama, akalitazama gari, akasema:

"Ekzosi imenyamaza, mwana wanje. Bado wewe."