Simu Ambayo Mwanaidi Hakuibadilisha

Mwaka uliofuata baada ya kumzika mtoto wake, Mwanaidi wa Kihesa alipata kazi ya promosheni. Hakuitafuta. Mdogo wake, Ruwaida, ndiye aliyepeleka jina lake kwa Sifaeli, msimamizi katika kampuni moja, maana dada mtu alikuwa anashinda ndani. Akiambiwa ale, anakula, akiambiwa alale, analala.

Kampuni hiyo ilikuwa imeleta huduma mpya ya kutafutia habari kwenye simu, nayo ilitaka watu waiache ile ya zamani waliyoizoea.

"Kazi yenyewe ndogo," Sifaeli alimweleza. "Mtu akiuliza kitu kwenye simu, swali lije kwetu, lisiende kwa wale. Unamwomba simu, unaweka yetu mbele, unampa bando na kofia."

Mwanaidi akaifanya. Iringa mjini, Mafinga, kisha Madibira wakati wa mavuno ya mpunga. Watu walimpa simu zao bila maswali. Bando likiisha, wengi walirudi kule kule. Sifaeli alilalamika sana. Mwanaidi alimsikiliza tu.

Kule Madibira, kwenye mashine ya kukoboa, alimkuta Nyamizi, mama wa Kisukuma ambaye ukoo wake ulihamia bonde hilo la Usangu na ng'ombe. Alikuwa amekaa juu ya gunia akisubiri zamu. Kofia aliipokea, simu akaikumbatia.

"Humu usiniguse, mwanangu."

"Hii yetu inafanya vilevile, mama. Na bando unapata."

"Sikatai. Ila mjukuu wangu aliharisha masika fulani, akiwa mdogo, njia imekatika, baba yake yuko machungani. Nikauliza humu. Ikaniambia maji, sukari na chumvi, nimnyweshe kidogokidogo tukielekea zahanati. Leo anasoma darasa la pili. Sasa niiache kwa ajili ya kofia?"

Mwanaidi alimtazama. Naye, mtoto wake alipoharisha, aliiuliza huduma ile ile ya zamani jambo lile lile, akajibiwa vilevile. Alikoroga kama alivyoelekezwa, akamnywesha mtoto, akampakata kwenye bajaji hadi hospitali. Mtoto hakufika akiwa hai.

Alingoja kifua kimbane. Hakikubana.

"Wewe una watoto?" Nyamizi akauliza.

"Nilikuwa naye mmoja."

Nyamizi alijisogeza, akamwachia nafasi kwenye gunia. Mwanaidi akakaa. Mashine iliunguruma, vumbi la pumba likawatua mabegani mpaka mama huyo alipoitwa.

Jioni Sifaeli akapiga simu. "Madibira vipi?"

"Mmoja amekataa."

"Kwa nini?"

"Anaipenda ile yake."

Kiangazi hakijaisha, kampuni ikafunga promosheni, na karibu kila mtu akawa amerudi kwenye huduma ya zamani. Mwanaidi alipelekwa Mbeya, soko la Mwanjelwa, kutangaza sabuni ya unga. Ruwaida hupiga simu kumuuliza anaendeleaje. Mwanaidi humjibu kuwa yuko salama, na kwamba huku Mbeya baridi ni kali kuliko Iringa.